Kabati Lililotupwa Angani

Shubra, Kairo
22 Novemba 1998

Kwa Mama Mkubwa Wahiba,

Salamu kwako na kwa karakana nzima ya samani, na kwa magoti yako ambayo nasikia bado hayajapatana na ngazi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatia. Mara ya mwisho nilisema, "Mama mkubwa, ni mimi," nikajibiwa, "Hapa hakuna mtu," kwa sauti yako mwenyewe. Barua haikatiki. Unaweza kuichana, lakini lazima uishike kwanza.

Kuna habari ambayo nataka uipate kwangu kabla hujaipata kwa muuza mkate. Redio imeichukua riwaya yangu, Mizigo ya Angani, iwe mchezo wa Ramadhani. Kila siku baada ya mzinga wa kufuturu itatoka sehemu moja, mpaka mwezi uishe. Imetimia miaka ishirini tangu kitabu kile kipate tuzo ya riwaya ya kisayansi, na watu wa redio wamekikumbuka ghafla, kama mtu anayekuta koti lake la zamani bado linamkaa. Vijana waliozaliwa mwaka ule wana ndevu sasa, na wananisimamisha sokoni kuniuliza kama kweli Mirihi kuna maji.

Mwongozaji, Bwana Rauf, aliniomba nimsimulie riwaya kwa pumzi moja. Nikamwambia: familia za Misri zinahamia Mirihi. Kila mtu ameruhusiwa sanduku moja tu. Mama mmoja anamsindikiza binti yake anayekwenda kuolewa huko, naye anaficha kwenye chombo cha angani kabati la vyombo, lile kubwa la vioo, pamoja na seti ya sahani ambazo hakuna mtu atakayezilia chakula maisha yake yote. Bwana Rauf alicheka mpaka akakohoa. Kumbe mama yake ana kabati hilo hilo, na wageni pekee walioruhusiwa kuligusa ni vumbi. Kisha nikamwambia kwamba nahodha aliligundua, akaona chombo kimekuwa kizito kupita kiasi, akaamuru litupwe nje.

Ni hapo ulipoacha kunisemesha.

Mimi ni wa kulelewa na wewe tangu mama yangu alipofariki, nikiwa sijui hata kufunga kamba za viatu. Siku ya tuzo niliomba kiti cha mbele nikaweka pochi yangu juu yake, mtu asikikalie. Nilipoitwa jukwaani pochi ilikuwa bado iko pale peke yake. Medali ninayo, imo kwenye droo pamoja na mikasi. Wewe ndiye nimekukosa. Kwa hiyo kabla mchezo haujaanza naomba radhi zako, na zaidi ya radhi, nakuomba urudi.

Binti yako,
Inshirah

*

Dumyati
1 Desemba 1998

Kwa Bibi Mwandishi wa Tuzo,

Magoti yangu hayakuhusu.

Unasema niliacha kukusemesha. Sikuacha. Nilikuwa na kazi. Mtu mwenye karakana na mafundi sita ambao wakiachwa dakika moja wanachemsha chai hana nafasi ya kupiga soga na watu maarufu.

Lakini kwa kuwa umeanza wewe, nitakukumbusha. Wiki ile picha yako ilipotoka gazetini, alinijia mteja kutoka Mansura kuagiza samani za chumba cha kulala. Akazunguka kitanda, akagonga mbao, akaniuliza, "Bibi, hiki nacho kinaruka?" Wanaume wa mkahawani wakanipa jina: Mama wa Angani. Nikipita na kilemba changu cheusi, mjane wa Fundi Ghaffar, mwanamke anayeogopwa na wauza mbao wa mji mzima, nasikia mtu anaigiza sauti ya roketi.

Hilo ningelimeza. Ila kwenye televisheni ulikaa na yule bwana wa miwani, mhakiki sijui wa nini, akasema kabati lile ni ujinga wa mama zetu, na kwamba taifa haliwezi kwenda mbele mpaka litupwe. Na wewe pembeni yake unatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, kama mbuzi aliyepata majani.

Kitabu chako nilikisoma, usidhani sikukisoma. Nilifika pale wanapolisukuma kabati mlangoni, na yule mama amekaa sakafuni na sahani moja mkononi iliyosalia. Nikafunga. Kesho yake nikampa muuza mbegu za maboga, akakichana kurasa akafungia mbegu. Nusu ya Dumyati wametafuna mbegu ndani ya tuzo yako.

Sasa sikiliza. Kabati lile likitupwa tena, safari hii redioni, Misri nzima ikisikiliza na midomo imejaa futari, basi jua huna mama mkubwa. Hata msibani kwangu usije. Nitaacha maneno kwa imamu.

Wahiba, mjane wa Fundi Ghaffar

Mwambie mumeo Bahgat kwamba kile kiti cha mikono anachokalia kinataka vanishi kila baada ya miaka michache. Najua hajafanya. Namjua.

*

Shubra
10 Desemba 1998

Mama Mkubwa,

Bahgat amesoma habari ya kiti, akaruka kama amekaa kwenye sindano. Anasema utamwona Mungu kabla hujaiona vanishi, lakini leo amekwenda kununua brashi.

Kuhusu yule bwana wa miwani: nilitikisa kichwa kwa sababu taa zilikuwa za moto, nilikuwa nimebanwa na haja, na hakuna aliyeniambia naweza kutoka. Ningetikisa kichwa hata angesema mimi ni tembo. Na usifikiri ni yeye peke yake. Kwa miaka ishirini nimesikia kila kitu. Mmoja aliandika kwamba kabati ni serikali iliyopita. Mwingine akasema ni jeneza. Profesa mmoja wa Iskandaria alitoa muhadhara mzima kuthibitisha kwamba kabati ni mimi. Nikakaa nyuma nasikiliza, nikatoka nikanunua tambi. Wote walijua kabati ni nini, hakuna aliyeuliza lilitoka wapi.

Ngoja nikuambie lilitoka wapi. Unakumbuka 1970, samani zangu zilipoletwa, siku tatu kabla ya harusi. Malori mawili ya wazi, ngoma mbele, mito imefungwa kwa utepe, na wewe umekaa karibu na dereva kama jemadari. Mimi nilikuwa tayari juu, kwenye nyumba mpya, na binti za shangazi tumejibana kwenye roshani. Kabati likakataa kupita kwenye ngazi. Watu wakapiga kelele, wakabishana, mwishowe wakabomoa ukuta wa roshani, wakateremsha kamba kutoka kwenye paa.

Basi likapanda. Nililiona likija kutoka chini, taratibu, linazunguka. Lilipofika usawa wa ghorofa ya pili jua likapiga vioo, na mtaa mzima ukajaa vipande vya mwanga. Vikakimbia kwenye kuta, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye uso wa kinyozi. Watoto wakaanza kuvikimbiza. Lile kabati halikuwa na miguu chini wala kitu juu, liko hewani tu, linang'aa. Nikasema moyoni, hiki ni chombo cha angani, na kimekuja kunichukua mimi. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na ndani yake kilikuwa na kazi ya mikono yako. Ilinichukua miaka minane kukiandika.

Mama mkubwa, hadithi haiishii pale ulipoifunga. Sikuambii mwisho, maana utasema nimeutunga jana kukutuliza. Tangu utotoni mwangu umekuwa ukisema naongopa kwa uso wa imamu. Itabidi uusikie kwa masikio yako.

Lakini kama huwezi, kama kweli kulisikia likitupwa kutanipotezea wewe moja kwa moja, sema neno. Nitakwenda kwa Bwana Rauf nimwombe aikate sehemu ile. Sema tu.

Kabati lipo. Ninapoandika nimelipa mgongo, maana sebule yetu ni ndogo na hakuna pengine pa kuweka kiti.

Inshirah

*

Dumyati
3 Ramadhani (22 Desemba)

Inshirah,

Ramadhani njema. Hiyo nasema kwa kuwa mwezi ni wa Mungu, haumo kwenye ugomvi wetu.

Wewe ulikuwa juu, uliona taa. Mimi nilikuwa chini.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sikumwambia hata marehemu Ghaffar, ingawa nadhani alijua. Miezi miwili kabla ya harusi nilikuja Shubra peke yangu na utepe wa kupimia. Sikutaka kutuma fundi. Nilisema samani za mtoto huyu nitapima mwenyewe. Nikapima mlango, nikapima sebule, nikapima upana wa ngazi chini mpaka juu. Nikasahau kona. Pale ngazi zinapogeuka, nilipita nayo kama nilivyopita leo kwenye duka la samaki, sikuisimamia. Nikarudi Dumyati nikatengeneza kabati zuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza, na lilikuwa kubwa kupita nyumba ya mume wako.

Kwa hiyo ulipokuwa unatazama mwanga kwenye uso wa kinyozi, mimi nilikuwa mtaani nimezungukwa na mafundi wangu wote, na hakuna aliyethubutu kunitazama. Shangazi wa Bahgat, yule mwenye pete nyingi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni, "Watu wa Dumyati wanatengenezea wafalme, hawajui binadamu anaishi wapi." Kisha wakaanza kuivunja roshani ya watu, roshani ya wakwe, nyundo moja baada ya nyingine. Kila nyundo naisikia kifuani. Niliomba ardhi inimeze. Kabati lilipokuwa linazunguka hewani mimi nilifumba macho, sikuona taa yoyote.

Miaka minane baadaye unaandika kitabu kuhusu mwanamke mpumbavu aliyebeba kabati kubwa mno kwa chombo kidogo mno, watu wakapata taabu, likatupwa. Na unapewa medali. Ulitaka nifikiri nini? Nilifikiri miaka yote minane ulikuwa unanicheka, ukasubiri upate kalamu.

Umesema niseme neno. Nasema: kata.

Wahiba

Sisikilizi redio. Lakini dirisha la jirani yangu Mama Hilmi liko wazi na yeye ni kiziwi nusu, kwa hiyo mtaa mzima unafuturu na mchezo wako utake usitake. Huyo mwanamke anayeigiza mama wa bibi harusi ana sauti ya kuku aliyelowa mvua. Na nani aliyemwambia tamutamu ya kunafa inapikwa kwa mafuta ya pamba? Samli! Hata Mirihi ni samli.

*

Shubra
11 Ramadhani (30 Desemba)

Mama yangu,

Sikujua habari ya kona. Nakuapia kwa mwezi huu. Mimi nilidhani ngazi za Shubra ndizo zenye makosa, na mpaka leo nikizipanda nazitukana. Nilisoma barua yako nikacheka kwanza, nisamehe, nilicheka kwa sababu ya pete za shangazi yake Bahgat, ambazo alizikwa bila hata moja maana binti zake walikuwa wameshazigawana. Kisha nikafika pale ulipofumba macho, nikalia mpaka Bahgat akaleta taulo badala ya leso.

Nilikwenda redioni, kama nilivyoahidi. Nilipanda mpaka ofisini kwa Bwana Rauf, nikamwambia akate. Akashika kichwa. Akasema bila kabati kutupwa mchezo utaishia katikati ya Ramadhani, na yeye atapelekwa kutangaza bei za vitunguu. Lakini ni mtu mwema. Alinitazama usoni akasema, "Kama ni kwa ajili ya mama yako, nitakata, tutajua la kufanya." Nikamshukuru, nikatoka.

Nilifika chini kabisa, mlinzi akaniaga, nikasimama. Nikageuka, nikapanda tena. Nikamwambia asikate.

Najua niliahidi, na najua nimevunja. Sitaki uisikie kwa mtu mwingine. Ila nisikilize kwa nini. Nikikata, yule mama atabaki alivyokuwa siku ile mtaani kwetu, mwanamke aliyeleta kitu kikubwa mno, na kila mtu anamcheka. Hakuna kitakachomtetea tena. Anatetewa na yale yanayotokea baadaye, na hayawezi kutokea mpaka kabati litoke mlangoni. Kama ningejua siku zile ulivyokuwa unajisikia, pengine ningeandika vingine. Lakini sikujua, na hiki ndicho nilichoandika, nami bado nakiamini.

Litatupwa jioni ya kumi na saba. Lisikilize, na usiku unaofuata sikiliza tena, mpaka mwisho. Mama Hilmi aache dirisha wazi.

Binti yako, upende usipende,
Inshirah

*

Dumyati
15 Ramadhani

Bibi Inshirah,

Barua imefika. Ulisema niseme neno, nikalisema, ukafanya unavyotaka. Usiniandikie tena.

Wahiba

*

Shubra
20 Ramadhani (8 Januari 1999)

Mama Mkubwa,

Umesema nisiandike, naandika. Ukaidi nimeutoa kwako, haukuuzwa dukani.

Jioni ya kumi na saba walilitupa. Nilikuwa mezani na Bahgat. Riwaya nimeiandika mimi, najua kila neno, lakini mlango wa chombo ulipofunguka na yule mwigizaji uliyemwita kuku akasema, "Nipeni walau sahani moja," kijiko changu kilisimama. Dirishani hapakuwa na sauti ya gari wala mtoto. Kisha nikamsikia muuza matunda chini anauliza, kwa hasira ya kweli, "Wamelitupa? Jamani, wamelitupa kweli?" Bwana Rauf amenipigia, anasema simu za redio zimejaa wanawake wanaomtukana nahodha. Mmoja kutoka Tanta alitaka anwani yake.

Ningefurahi. Nimefurahi kidogo, sitakuficha. Lakini kila simu ikilia nakimbia nikidhani ni Dumyati.

Nimekupigia jana na leo, inalia tu. Roho yangu iko juu. Nimekuwa mwalimu wa fizikia miaka thelathini, nawaeleza wasichana kila siku kwamba kila kitu kina sababu, na sijui nikupe sababu gani nyingine uniamini.

Watu huniuliza kwa nini sikuandika riwaya ya pili. Huwa nawaambia nina madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha. Si kweli. Wewe unajua nilivyokuwa naandika. Nilikuwa nakuja karakana na karatasi zangu, wewe unapaka vanishi, mimi nasoma kwa sauti, na kila nilipotia chumvi ulikuwa unasema bila kugeuka, "Hapo umedanganya." Na kweli nilikuwa nimedanganya. Mizigo ya Angani ndicho kitu pekee ambacho sikukusomea. Nilitaka iwe zawadi, uikute imeshachapwa, na kabati lako ndani. Baada ya hapo sikuwa na mtu wa kuniambia nimedanganya wapi. Nilianza riwaya tatu, zote nzuri sana, zote uongo mtupu.

Bado siku kumi. Nakuomba kama nilivyokuwa nakuomba nikiwa mdogo, bila heshima yoyote: usifunge kitabu tena.

Inshirah

*

Dumyati
Siku ya Idi (19 Januari 1999)

Inshirah, binti yangu,

Idi njema kwako na kwa Bahgat. Biskuti za Idi nilizioka jana, mwaka huu zimenikubali.

Jioni ya kumi na saba nilifunga dirisha langu, nikaziba na nyufa kwa nguo. Sikusikia kitu. Kesho yake asubuhi nikaenda karakana, mafundi wote wana nyuso za msiba. Nikauliza nani amekufa. Fundi Sabri, mtu mzima mwenye wajukuu, akaniambia, "Mama Wahiba, wamelitupa kabati letu." Letu, amesema! Miaka ishirini nilidhani wananicheka, kumbe wengine walikuwa wananionea huruma na wananiogopa kusema.

Jioni nilimpelekea Mama Hilmi vitamutamu vya katayifu, kwa jirani tu, si kwa kingine. Akanivuta nikae. Nikakaa karibu na mlango ili nitoke wakati wowote. Na yule bibi harusi wako akaenda dirishani kutazama nje, akapiga kelele, na kabati liko pale.

Liko pale! Halikuanguka. Linakwenda pamoja nao, ubavuni mwa chombo, linazunguka polepole, vioo vyake vinawamulika ndani. Mama Hilmi akasema huo uongo, kitu kikitupwa kinaachwa nyuma. Nikamwambia nyamaza wewe, binti yangu ni mwalimu wa fizikia, angani hakuna wa kukisimamisha kitu, ukikiachia kinaendelea na wewe. Sijui nilikitoa wapi hicho. Pengine uliwahi kunisomea nikiwa na brashi mkononi.

Baada ya siku hiyo sikujificha tena, ila simu yako niliiacha ilie mpaka niusikie mwisho. Niliteremsha redio ya Ghaffar kutoka juu ya rafu, nikaipangusa, nikaiweka kwenye meza ya kazi. Mafundi wakaanza kuja na wake zao kunywa chai baada ya futari. Kila jioni bibi harusi anatazama dirishani, na mama yake anajifanya hatazami, na lipo. Nahodha anajifanya hana habari. Nilimchukia nahodha huyo, lakini alipoanza naye kuchungulia kwa siri nikamsamehe.

Sasa jana. Nitasema jana, halafu tusirudie tena.

Chombo kimekaribia Mirihi, kinapunguza mwendo. Kabati halina breki. Likawapita, likaenda mbele peke yake, bibi harusi analia kwamba limewaacha. Sabri ameshika kikombe hakinywi. Kisha mkatupeleka kule chini, kwa wale waliotangulia kuhamia, watu ambao hawajapata habari za chombo kwa miezi na wameshaanza kuwasomea dua. Wanaona kitu kinang'aa kinakata mbingu. Wasomi wote wanabishana, ni jiwe, ni kimondo. Na bibi kizee mmoja wao anatoka nje, anaweka mkono juu ya macho, anasema, "Jiwe gani lina vioo? Hizo ni samani. Bibi harusi yuko nyuma." Na wakawasha taa uwanjani, wakatoa ngoma.

Nililia, Inshirah. Nililia mbele ya mafundi, na mimi sikulia mbele yao hata siku tuliyomzika Ghaffar. Samani hutangulia! Siku tatu kabla, kwa ngoma, mtaa mzima uone, ili wajue anayekuja ni mtoto wa watu. Nilikufundisha mimi hilo. Ukalichukua ukalipeleka mpaka Mirihi, na mimi nikampa muuza mbegu.

Asubuhi ya leo tukitoka kwenye sala ya Idi, yule mzee wa mkahawani, yule yule wa roketi, akanisimamisha mbele za watu. "Mama Wahiba, kabati lile la redioni, ni lako?" Zamani ningempita. Nikamwambia, "Langu. Nilipima mimi, nikakosea mimi, na lilifika." Watu wakapiga makofi. Mzee akaniomba nimtengenezee mjukuu wake kabati kama lile. Nikamwambia kwanza nitakuja kuipima kona ya ngazi.

Sasa makosa yako, maana usidhani umepona. Umedanganya mahali pawili. Kwanza, kabati la Dumyati lina ufunguo, na mama yeyote mwenye akili angelifunga kabla halijatoka mlangoni. Sahani zako zingemwagika angani zote, na hukusema neno kuhusu ufunguo. Pili, mama wa bibi harusi hangekaa sakafuni kulia. Angemtia nahodha kofi, kisha ndiyo akae. Ukiandika nyingine, na utaandika, nataka kuisikia mimi kwanza, kabla ya hao wa medali.

Alhamisi napanda basi la asubuhi. Usije stesheni, Shubra nitafika mwenyewe. Magoti yatafanya yatakavyofanya. Sijakuona uso miaka ishirini, na nimeambiwa una mvi. Mimi nina sabini na moja, Inshirah, sina ishirini nyingine ya kununa.

Mama yako mkubwa,
Wahiba